Unapokea benefiti, mwenzi wako yuko Mombasa: hesabu ya viza ya ndoa Uingereza

Wazee wetu, akina mama, vijana, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Katika maswali yote ya viza, liko moja ambalo watu huliuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kikao kikishamalizika: "Mimi naishi kwa benefiti. Je, naweza kumleta mume wangu?" Wengine hawaliulizi kabisa. Wanajijibu wenyewe kwamba haiwezekani, wanakaa miaka minne, mitano, mke yuko Tanga na mume yuko Leicester, mtoto anamjua baba yake kwenye simu. Leo tutalijibu hadharani, kwa sababu aibu hii imewagharimu watu wetu miaka ya ndoa zao.

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Kanuni za uhamiaji za Uingereza zimeweka njia ya wazi kwa mdhamini, yaani mwenzi aliye Uingereza, anayepokea baadhi ya benefiti, yaani posho za serikali. Lakini sikieni neno hilo vizuri: baadhi. Jina la benefiti ndilo linaloamua. Watu wawili wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja na kupokea pesa ileile kwa mwezi, mmoja mlango ukamfungukia na mwenziwe ukamfungia, kwa tofauti ya jina lililoandikwa kwenye barua ya DWP, wizara inayolipa benefiti.

Tuanze na kizuizi chenyewe. Tangu Julai 2012, raia wa Uingereza au mwenye makazi ya kudumu anayetaka kumleta mwenzi wake alitakiwa awe na kipato cha £18,600 kwa mwaka kabla ya kodi. Kanuni hiyo ilipingwa mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 mahakama ikasema serikali ina haki ya kuweka kiwango. Kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikapanda hadi £29,000. Wale waliotuma ombi lao la kwanza kabla ya siku hiyo, na bado wako na mwenzi yuleyule, wanaendelea na £18,600 mpaka wamalize safari yao. Wengine wote wanapimwa kwa £29,000, na Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo, haihesabiki ndani ya kiasi hicho hata peni moja.

Sasa, mlango wa pembeni. Kiambatisho FM cha kanuni za uhamiaji, kinachohusu familia, kinasema kwamba mdhamini anayepokea mojawapo ya benefiti zilizotajwa kwa jina hatapimwa kwa £29,000. Zinazowahusu watu wengi ni hizi: Personal Independence Payment, ile tunayoiita PIP, ya mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, Disability Living Allowance (DLA) kwa wale ambao bado wanayo, Attendance Allowance ya wazee, Carer's Allowance ya anayemuuguza mtu, na Industrial Injuries Disablement Benefit ya aliyeumia kazini. Wa Scotland wana za kwao zinazolingana na hizi, kama Adult Disability Payment. Zipo pia za askari na polisi waliojeruhiwa, na ya zamani iitwayo Severe Disablement Allowance.

Sikilizeni ambazo hamkuzisikia. Universal Credit haimo. ESA, posho ya asiyeweza kazi kwa ugonjwa, haimo. Ile nyongeza ya Universal Credit anayopewa mtu aliyeonekana hawezi kazi kabisa, nayo haimo. Pension Credit, ya wazee wenye kipato kidogo, haimo. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia: mtu ana barua ya DWP inayosema hawezi kufanya kazi, anaamini inatosha, analipa ada, ombi linakataliwa. Kama una maradhi ya kudumu na unapokea Universal Credit peke yake, jambo lako la kwanza ni kuuliza kama unastahili PIP. Shughuli ya viza ije baadaye. PIP haiangalii mshahara wala akiba. Inaangalia unavyoweza kujipikia, kujiosha, kuvaa, kutembea. Na kama umeomba PIP na bado unasubiri, au umekataliwa na umekata rufaa, usitume ombi la viza bado. Kanuni inataka uwe unaipokea. Kuisubiri hakuhesabiki.

Kuhusu Carer's Allowance tutakaa kidogo, maana hapa watu wetu wanapoteza haki yao kwa kufuata ushauri mzuri uliotolewa kwa jambo lingine. Katika jamii yetu kuuguza ni kazi ya kila nyumba: binti anamhudumia mama mwenye kiharusi, mzazi anamlea mtoto mwenye usonji. Ukimhudumia mtu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki, na mtu huyo anapokea PIP ya maisha ya kila siku, au Attendance Allowance, au DLA ya matunzo ya kiwango cha kati au cha juu, unaweza kudai Carer's Allowance. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa £83.30 kwa wiki, mradi ukifanya kazi usipate zaidi ya £196 kwa wiki baada ya makato.

Sasa, washauri wa benefiti huwaambia watu: "Usijisumbue kuidai, kwa sababu Universal Credit itaikata yote." Ni kweli, inakatwa pauni kwa pauni. Mkononi hubaki na kilekile. Na Universal Credit yenyewe ina nyongeza ya mwuguzi, £201.68 kwa mwezi mwaka 2025/26, ambayo mtu huipata hata bila Carer's Allowance. Kwa hesabu ya jikoni, mshauri yule hakukosea. Kwa hesabu ya viza, ushauri wake unakufungia mlango, kwa sababu nyongeza ya Universal Credit haimo kwenye orodha na Carer's Allowance imo. Mama mwenye nyongeza hiyo peke yake anapimwa kwa £29,000. Jirani yake mwenye Carer's Allowance, na mfuko uleule, hapimwi kwa kiasi hicho. Daini Carer's Allowance kwanza, pateni barua, ndipo muanze viza. Tahadhari moja: kama unayemhudumia ni mzee anayeishi peke yake na Pension Credit yake ina nyongeza ya ulemavu mkubwa, wewe kulipwa Carer's Allowance kunaweza kumwondolea nyongeza hiyo. Kaeni na mshauri mpige hesabu ya nyumba zote mbili.

Haya. Umeshavuka £29,000. Je, umemaliza? Hapana. Unaingia kwenye kipimo cha pili, chepesi zaidi lakini chenye hesabu zake. Kanuni inataka muweze kujikimu na kuwa na mahali pa kuishi bila mgeni wako kutegemea fedha za umma. Kipimo chenyewe kilithibitishwa na baraza la rufaa za uhamiaji mwaka 2006: mkilipa nyumba, kinachobaki kisipungue kile ambacho familia ya Kiingereza ya ukubwa wenu ingepewa kwa Income Support, posho ya zamani ya wenye kipato kidogo. Kwa watu wawili wazima, mwaka 2025/26, ilikuwa £144.65 kwa wiki. Ukiwa na watoto kiasi hupanda kwa kila mtoto, kwa hiyo tafuta kiwango cha familia yako kabla ya kutuma. Viwango hubadilika kila Aprili. Ukituma mwezi wa Mei kwa hesabu ya Machi, umeshakosea.

Hesabu yote hufanywa kwa wiki. Chukua kila kinachoingia, baada ya kodi na bima ya taifa. Toa kodi ya nyumba na kodi ya halmashauri. Linganisha kinachobaki. Na benefiti zako unazopata kwa haki yako mwenyewe, pamoja na Universal Credit, zinahesabiwa hapa kama kipato.

Tuchukue mfano kwa viwango vya 2025/26, kalamu mkononi. Mwanamke wa miaka 40, anaishi peke yake, ana PIP ya maisha ya kila siku kiwango cha juu: £110.40 kwa wiki. Universal Credit yake ina posho ya msingi £400.14 kwa mwezi, nyongeza ya kutoweza kazi £423.27, na kodi ya nyumba £600 inayolipwa yote. Usigawanye mwezi kwa nne! Mwaka una wiki 52, si 48. Zidisha kwa 12, gawanya kwa 52. Posho ya msingi inakuwa £92.34 kwa wiki, nyongeza £97.68, kodi ya nyumba £138.46. Jumlisha na PIP: £438.88.

Upande wa kutoa: kodi ya nyumba £138.46. Kodi ya halmashauri, sasa hivi analipa £1,200 kwa mwaka kwa sababu ana punguzo la asilimia 25 la mtu anayeishi peke yake. Mume akifika punguzo hilo linaondoka, atadaiwa £1,600. Pigeni hesabu kama mgeni ameshaingia ndani: £1,600 kwa wiki 52 ni £30.77. Jumla ya kutoa ni £169.23. Kinabaki £269.65. Kinachotakiwa ni £144.65. Huyu amepita, tena kwa nafasi nzuri.

Tazameni na asiyepita. Kijana anamhudumia mama yake, ana Carer's Allowance £83.30, anafanya kazi kidogo ya £180 kwa wiki mkononi. Analipa pango £130 na halmashauri £25. Kinachoingia ni £263.30, kinachotoka £155, kinabaki £108.30. Amepungukiwa £36.35 kwa wiki. Anafanya kazi, anauguza, hategemei mtu, na bado amefeli. Lakini huyu hajadai Universal Credit kwa kuona haya. Akiidai, na pango lake likikubaliwa lote, baada ya Carer's Allowance kukatwa na peni 55 kutolewa kwa kila pauni ya mshahara, hubaki kama £375 kwa mwezi, yaani £86 na ushee kwa wiki. Anafika £194 na anapita. Pesa hiyo ilikuwa haki yake kabla hajaoa. Aidai mapema, ionekane kwenye taarifa za benki, ndipo atume.

Vipi ndugu akiahidi kusaidia? Barua ya mjomba isemayo "nitawatumia £200 kila mwezi" haina uzito. Pesa iliyokwisha kuingia kwenye akaunti yenu, ikiwa ni yenu kweli na wala si mkopo, ina uzito, lakini hugawanywa kwa wiki zote za viza, na viza ya kwanza ni ya miezi 33. Kumbukeni pia kwamba akiba ikipita £6,000 Universal Credit huanza kupungua, na ikipita £16,000 hukoma.

Nyaraka sasa. Kwa benefiti, kanuni inadai vitu viwili vinavyozungumza lugha moja. Cha kwanza, barua rasmi ya DWP inayotaja benefiti kwa jina na kiasi unachopokea sasa. Barua ya tuzo ya miaka mitatu iliyopita ina kiwango cha zamani. Pigeni simu mwombe barua mpya ya uthibitisho. Cha pili, angalau taarifa moja ya benki ya ndani ya miezi 12 inayoonyesha pesa hiyo ikiingia kwenye akaunti yako. Tukiitazama kwa karibu: barua inasema £110.40 kwa wiki, na benki inaonyesha mstari wa DWP wenye £441.60. Ni sawasawa, maana PIP hulipwa kila wiki nne. Andikeni hilo kwenye barua ya maelezo, kwa sentensi moja, ili ofisa asilazimike kukisia. Na kama pesa ya mama inaingia kwenye akaunti ya mtoto wake, rekebisheni mapema. Kama mdhamini ana mshahara pia, ongezeni slipu za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyohiyo, na barua ya mwajiri. Kila slipu ionekane benki kwa kiasi kilekile.

Nyumba isiwe na msongamano. Sheria ya Makazi ya 1985 inahesabu vyumba hivi: kimoja watu 2, viwili watu 3, vitatu watu 5, vinne watu 7 na nusu. Mtoto chini ya mwaka mmoja hahesabiwi. Wa mwaka 1 hadi asiyefika 10 ni nusu mtu. Sebule inayoweza kulalwa huhesabika pia kama chumba. Mkiishi nyumba ya halmashauri au ya shirika la makazi, ombeni barua inayosema mwenzi anaruhusiwa kuhamia. Mkikaa kwa ndugu, chumba chenu kiwe chenu peke yenu, na mwenye nyumba aandike hivyo.

Upande wa mwombaji kuna mambo tunayapitia haraka, kwa kuwa ni yaleyale kwa kila mtu. Cheti cha kifua kikuu kinatakiwa kwa wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo. Hudumu miezi 6, kwa hiyo msikimbilie kupima kabla karatasi nyingine hazijakamilika. Kiingereza cha ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, kwa mtihani wa kituo kilichoidhinishwa. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa mtihani, hata kama mtu amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwenye shahada aliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia, baada ya kuithibitisha kupitia Ecctis, shirika linalokagua vyeti vya nje. Cheti cha ndoa kilichoandikwa Kiswahili au Kifaransa kitafsiriwe na mfasiri anayetaja jina, sahihi na anwani yake. Ndoa ya kimila au nikaha isajiliwe serikalini huko ilikofungwa.

Ada, kwa bei iliyoanza Aprili 2025, ilikuwa £1,938 kwa ombi la kutoka nje, na £3,105 za afya kwa miezi 33. Jumla £5,043, kwa mtu ambaye kipato chake chote tumekihesabu hapa kwa peni. Wengi hukopa. Kabla hamjakopa, jueni kwamba hata mwombaji aliye nje anaweza kuomba msamaha wa ada kwa msingi wa haki ya maisha ya familia. Huombwa kwanza, kabla ya kulipa, na unaonyesha mapato na matumizi yenu nyote wawili, miezi kadhaa nyuma. Hapo jihadharini: ukisema huna kitu huku taarifa ya benki inaonyesha umetuma £300 kila mwezi nyumbani, eleza pesa hizo ni za nini. Karo ya mtoto na dawa za mzazi zina stakabadhi. Ziambatisheni.

Kwa ndugu zetu wakimbizi kutoka Congo, Burundi na Somalia, neno maalum. Ilikuwapo njia ya kuunganisha familia isiyo na ada, isiyo na mtihani wa Kiingereza wala kipimo cha kipato. Tangu tarehe 4 Septemba 2025 maombi mapya ya njia hiyo yamesimamishwa. Maana yake ni kwamba mkimbizi naye anapitia mlango huu tunaouzungumza leo, na £29,000 zake. Mwenye PIP au anayeuguza mtu asome orodha ile kwa makini sana, maana kwake yeye imekuwa na uzito ambao haikuwa nao zamani. Ni pigo kubwa kwa familia zilizotenganishwa na vita, na hatuna neno jepesi la kulifunika.

Sasa tufike mahali ambapo makosa hutokea baada ya furaha, mgeni akishashuka Heathrow.

Viza ya mwenzi ina sharti la kutotegemea fedha za umma. Anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza na kutibiwa, kwa kuwa ada ya afya imeshalipwa. Haruhusiwi kudai Universal Credit, wala PIP, wala Carer's Allowance hata akikuuguza usiku na mchana. Na wewe usipewe nyongeza kwa sababu yake. Benefiti zako mwenyewe unaendelea nazo. Kuzipokea si kosa lake wala lako.

Siku anapohamia, toa taarifa. Kwenye Universal Credit, andika kwenye jono (journal) yako, ukurasa wako wa ujumbe wa mtandaoni, kwamba sasa unaishi na mwenzi na kwamba viza yake ina sharti hilo. Watamwita aonyeshe paspoti na viza. Kisha wewe utalipwa kama mtu mmoja, lakini mshahara wake na akiba yake vitahesabiwa dhidi yako. Yaani hakuongezei, ila anaweza kukupunguzia. Ndivyo kanuni ilivyo, na inaumiza, lakini ndiyo inayolinda viza yake.

Tazameni taarifa ya malipo ya kwanza baada ya hapo. Kwa viwango vya 2025/26, posho ya msingi ikisomeka £400.14, sawa. Ikisomeka £628.10, mmelipwa kiwango cha watu wawili kwa makosa ya ofisi. Usishangilie. Andika siku hiyohiyo kwamba umelipwa zaidi na mwenzi wako hastahili, na uhifadhi picha ya ulichoandika. Pesa hiyo itadaiwa irudishwe, na wakati wa kuongeza viza ofisa anaweza kuuliza kwa nini fedha za umma zilipanda mgeni alipoingia. Wanaopokea Housing Benefit au Pension Credit wasifuate maelezo haya ya Universal Credit. Kanuni zao ni tofauti, wakamwone mshauri kabla mgeni hajasafiri. PIP haiguswi na chochote kati ya hivi, wala haipungui mume akipata kazi nzuri.

Na kile kiwanja cha Kigamboni? Mali za mwenzi zilizo nje zinahesabika kwenye Universal Credit: shamba, kiwanja, nyumba ya kupangisha. Nyumba ikikaliwa na mzazi mzee inaweza kusamehewa, lakini lazima itajwe. DWP na Home Office, wizara inayotoa viza, hupeana taarifa. Huwezi kuandika kwa mmoja kwamba mume ana biashara nzuri na nyumba mbili, halafu kwa mwingine ukaandika hana kitu.

Hilo linaturudisha nyuma kidogo, kwenye safari za harusi. Ukienda Mombasa kufunga ndoa, Universal Credit inaruhusu kutokuwepo mwezi mmoja tu, Carer's Allowance wiki 4 katika kipindi cha wiki 26, PIP wiki 13. Toa taarifa kabla ya kupanda ndege. Tiketi na mihuri ya paspoti utaipeleka wewe mwenyewe Home Office kuthibitisha mapenzi yenu, na mihuri hiyohiyo itaonyesha ulikaa wiki ngapi. Ukizidisha muda na benefiti ikakatwa katikati ya ombi, unarudi kupimwa kwa £29,000.

Na mwambie mwenzi wako ukweli mapema. Wapo wanaoficha kwamba wanaishi kwa benefiti, mpaka siku ya kujaza fomu, na fomu ina kila kitu: jina la ugonjwa, kiasi cha pesa, ukubwa wa chumba. Mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuoa na kuolewa kama mtu yeyote. Anayekupenda aisikie habari hiyo kwako, asiisome kwenye fomu.

Ombi likikataliwa, barua itaeleza kama una haki ya kukata rufaa kwa msingi wa maisha ya familia. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28. Soma sababu kabla ya kukasirika. Kama ni karatasi iliyokosekana, wakati mwingine ombi jipya lenye karatasi hiyo ni la haraka kuliko rufaa. Msaada wa kisheria wa serikali kwa mambo haya kwa kawaida haupo England na Wales tangu 2013, ila kwa kibali maalum. Anayewatoza pesa kwa ushauri wa uhamiaji lazima awe wakili au awe amesajiliwa na Immigration Advice Authority. Jina lake mnaweza kulitafuta kwenye rejista yao bure. Asiyekuwemo, hata kama mnasali naye safu moja, msimpe paspoti.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau wakiona viza imetoka. Kipimo hiki hurudi. Miezi 30 ikikamilika mwenzi anaomba tena, safari hii kwa Kiingereza cha A2, na siku hiyo uwe bado unapokea PIP au Carer's Allowance. Kama huipokei tena, unapimwa kwa £29,000. PIP hufanyiwa mapitio: jazeni fomu ya mapitio kwa uangalifu kama ile ya kwanza, na mkikatwa, ombeni uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja. Carer's Allowance hukoma mgonjwa akifariki, baada ya wiki 8, au mshahara wako ukipita kikomo cha wiki (£196 mwaka 2025/26) hata kwa pauni moja. Kabla hujakubali saa za ziada kazini, fungua paspoti ya mwenzi wako utazame tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na viza ni mali: nunueni faili moja, wekeni humo kila barua ya DWP ya kila Aprili, kila taarifa ya benki, kila ujumbe wa jono, bili za halmashauri zenye majina yenu wawili. Bili ya kwanza yenye majina mawili ombeni wiki ileile anapofika, maana miezi 30 baadaye ndiyo itakayoulizwa, na halmashauri haitawaandikia ya zamani.